Pampu Mbili za Halberd

Katika chama chetu cha michezo ya mezani ya vita vya majini, hapa Gosport, hakuna sheria inayoingia kitabuni kabla haijachezwa mara kumi. Wanaume wanaweza kubishana juu ya unene wa chuma mpaka chai ikapoa. Mimi huwaambia neno moja tu: chezeni mara kumi, kisha njooni tuzungumze.

Kadi za meli nachora mimi, Muriel Garside. Nilikaa miaka ishirini na sita nikinakili michoro ya manowari kwa wino, na mtu anayekisia ananipandisha hasira. Kadi yangu ni nusu ukurasa: jina la meli, mizinga, injini, pampu, na safu ya visanduku vinavyoonyesha meli inaweza kubeba maji kiasi gani. Maji yakiingia, unakata visanduku kwa penseli. Vikiisha, imezama.

Mwaka 1978 nilikuwa kwenye kadi ya Halberd, na Wilf Tremlett akapata habari. Wilf alikuwa fundi wa meli hiyo mwaka 1942. Torpedo, kombora la chini ya maji, ilipowapiga aliamriwa afunge mlango wa chuma wa chumba cha chini. Akaufunga. Watu kumi na mmoja walibaki ndani, na meli ikarudi nyumbani.

Alikuja ukumbini Jumamosi mchana, kofia mkononi.

"Bi Muriel, nasikia meza yenu haidanganyi."

"Meza ni mbao, Wilf. Kaa, chai ipo."

Hakukaa. "Ningeuacha wazi dakika nne, wote wangetoka. Je, tungezama?"

"Miaka thelathini na sita imepita. Unauliza ya nini leo?"

"Enid Anstey kanialika chakula cha mchana, Jumapili ya wiki ijayo. Mumewe, Reg, alikuwa mle ndani. Kila akiniuliza namwambia hapakuwa na njia, tungezama sote. Sijui kama ni kweli, Bi Muriel. Nazeeka na sijui." Akaangalia kofia yake. "Na kuna mmoja alikuwa anagonga. Mbili, kimya, tatu. Mbili, kimya, tatu. Hilo sijamwambia mtu."

Nilimhurumia, na huruma yangu ina tabia mbaya ya kujiona ina akili. Mchoro wa Halberd nilikuwa nao, na ulionyesha pampu nne. Wiki ile nikachora kadi yenye pampu mbili. Kwa pampu mbili, mlango ukiwa wazi, meli ile haiendi popote ila chini. Nikasema moyoni, mwache mzee apumzike.

Jumamosi iliyofuata tukacheza. Kila raundi unarusha dadu mbili, unakata visanduku kwa hesabu hiyo, na kila pampu inarudisha kimoja. Kabla ya kurusha, Wilf alikuwa anagonga meza kwa kidole. Mbili, kimya, tatu. Sidhani alijua anafanya hivyo.

"Wilf, dadu hazibishiwi hodi!" akatania Clive, mwenyekiti wetu. Hakuna aliyecheka. Clive akaenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Mara ya kwanza, ikazama. Ya pili, ikazama. Mpaka ya sita nilikuwa nimechoka kukisikia kile kidole, natamani nikishike. Zote kumi zikazama.

"Umeona?" nikamwambia. "Usingeweza kitu."

Wilf akaigeuza kadi taratibu, akanirudishia.

"Pampu zilikuwa nne, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nazipaka grisi."

Uso ukaniwaka. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kadi iliposhuka mezani."

"Sasa mbona ukacheza zote kumi?"

"Nilitaka kusikia inavyokuwa mtu akikuambia hivyo kwa upendo. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia Enid." Akasogeza dadu upande wangu. "Chora nne."

Nikachora kadi nyingine, ya pampu nne. Tukacheza tena mara kumi. Saba zikazama. Tatu zikafika nyumbani na watu wote.

"Tatu," akasema Wilf. Akaitia ile kadi mfukoni, akavaa kofia, akaondoka.

Jumamosi ya tatu tulikuwa tunapanga meza, mlango wa ukumbi ukagongwa. Mlango wetu haugongwi, watu husukuma tu. Mbili, kimya, tatu. Clive akaweka chini kikombe. Mimi nikaenda kufungua.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la mvua, kadi yangu mkononi.

"Mimi ni Enid Anstey. Nimekutisha?"

"Huo mlio... umejifunzia wapi kugonga hivyo?"

"Kwa Reg. Akirudi kutoka baharini alikuwa anagonga hivyo, nijue ni yeye, nisiogope kufungua." Akaiangalia kadi. "Wilf kaniambia yote. Tatu kati ya kumi, na ule mlio. Hakujua ni wa nani. Mimi nilijua kabla hajamaliza."

"Na Wilf yuko vipi?"

"Alisinzia palepale mezani, akakoroma kama mtoto. Anasema tangu vita hajalala usingizi wa namna ile." Akatabasamu kidogo. "Sasa mimi ndiye nisiyelala. Anasema ulichora nyingine."

"Ile ni ya uongo, Bi Enid. Niliipika mwenyewe."

"Najua." Akanyoosha mkono. "Ndiyo ninayoitaka."

Nikaitoa kwenye droo. Sikuwa na uso wa kumnyima.

"Hii ilizama zote kumi?" akauliza.

"Zote kumi."

Akaikunja, akaitia kifuani ndani ya koti, akaenda zake kwenye mvua.

Tangu siku hiyo mlango wa ukumbi tunauacha wazi kila Jumamosi, hata theluji ikianguka. Clive ni mtu wa kulalamikia baridi hata mwezi wa Julai, jua la kiangazi likiwaka, lakini kwa hili hajasema neno.