Nyumba Isiyo na Mvutaji

Katika nyumba ile hapakuwa na mtu anayevuta sigara. Ndivyo fundi rangi alivyomjibu daktari, tena kwa kinyongo kidogo, maana aliona kama anasingiziwa. Yeye mwenyewe hajawahi kuishika. Mumewe, mwokaji mikate, hunuka hamira na unga basi. Mama mkwe wake ndiyo kabisa, hata kiberiti huwasha akiwa amegeuza uso.

"Na kabla yenu?" daktari aliuliza, huku akisikiliza mgongo wa mtoto.

Mtoto alikuwa binti wa mwaka na ushei. Walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Siku hizo alikuwa amenyamaza. Kifua kilipiga miluzi, na mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi.

Kabla yao alikuwepo baba mkwe, fundi saa. Miaka nenda miaka rudi alikaa sebuleni kwenye kiti chake cha kitambaa kando ya dirisha, lenzi jichoni, sigara mdomoni, akitengeneza saa za watu. Alifariki kabla Chiriku hajazaliwa. Mwanawe na mkewe wakahamia pale ili mama asibaki peke yake, na katika sebule ile hakuna kilichoguswa. Kiti, zulia, mapazia, hata koti lake, vyote vilikaa alivyoviacha.

"Huyo mzee ameshakufa," fundi rangi alisema.

"Yeye kafa, moshi wake haujaondoka," daktari akamjibu. "Unaganda ukutani. Unaingia kwenye zulia na sponji ya kiti, unachanganyika na vumbi. Wewe unapita tu. Mtoto anatambaa humo, analamba mikono, analala pua ikiwa kwenye zulia. Ile sumu anaila na kuivuta. Siwezi kukuambia kwamba ndiyo sababu pekee ya kifua chake. Ila angekuwa wangu, nisingemrudisha chumba hicho."

Fundi rangi alipofika nyumbani hata hakukaa. Alimlaza mtoto chumbani kwao, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye sabuni, akafuta kipande cha ukuta nyuma ya kiti, ukubwa wa sinia. Yaliyochuruzika yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea majani. Kipande kile kikabaki cheupe pe. Ndipo alipogundua kwamba ukuta ule, ambao siku zote alidhani umepakwa rangi ya siagi, ulikuwa mweupe tangu mwanzo. Na yeye anajiita fundi rangi!

Jioni alimweleza mumewe. "Zulia, mapazia, kiti, vyote vinatoka. Kuta naziosha na kuzipaka upya."

Mwokaji akajikuna kichwa. "Mama hatakubali. Tumwingie taratibu, tusubiri kidogo."

"Chiriku asubiri kwa pumzi ipi?"

"Na wewe nielewe. Huyu mama, huyu mke."

"Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, baba Chiriku. Shuka mmoja."

Mama mkwe hakutaka kusikia. "Mume wangu alikuwa fundi saa, hakuwa muuaji," alisema. "Nikiingia humu nikavuta pumzi, nampata. Mnataka nibaki na nini?" Kisha akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aje kuamua.

Baba mdogo alikuja, akatupa kichungi cha sigara langoni, akaingia amenyoosha mikono miwili kumpokea mjukuu. Fundi rangi akarudi nyuma na mtoto wake.

"Samahani, baba. Vua koti kwanza, unawe mikono."

"Nimezima nje!"

"Umezima sigara. Koti hujalizima."

Mwokaji alijifanya anakohoa ili kuficha kicheko. Baba mdogo hakucheka. Alikaa, akakunja nne, akaanza somo. "Mkwe wangu, sisi wote tumekulia kwenye moshi. Baba yetu alivuta, babu yetu alivuta. Mbona tupo?"

"Nyie mpo. Mzee yuko wapi?"

Neno likishatoka halirudi. Mama mkwe alivuta mtandio akafunika uso. Baba mdogo akasimama, kidole juu: mwanamke huyu amwombe mama mkwe radhi sasa hivi, ama akatafute nyumba nyingine ya kutoa amri. Mwokaji alitazama sakafu kama aliyedondosha kitu.

Fundi rangi alipiga magoti mbele ya mama mkwe. Sauti hakuishusha.

"Mama, kwa ulimi wangu nisamehe, nimekukata. Kwa zulia siombi radhi. Kesho linatoka. Mkinifukuza, nitatoka na mwanangu. Lakini humu hatambai tena."

Asubuhi alimpeleka Chiriku kwa jirani, akavaa ovaroli yake ya kazi, akaanza kulikunja zulia. Lilikuwa zito kama gogo lililolowa, na kila lilipozungushwa lilitema vumbi. Alilivuta mwenyewe. Majirani walikuwa wameshatoa shingo madirishani. Wapo waliosema mkwe amechanganyikiwa, na walilisema kwa sauti ya kusikika. Mlangoni zulia likakwama, nusu ndani, nusu nje. Mumewe akatokea akitoka zamu ya alfajiri, unga kwenye nyusi. Akasimama. Mkewe hakumwita wala hakumtazama. Aliendelea kuvuta.

Mwokaji akaweka mfuko wake chini, akashika ncha ya pili.

"Nimeshuka," alisema.

Mapazia yalifuata. Kilichobaki ni kiti, na juu ya kiti alikuwa mama mkwe, amekikalia tangu kulipopambazuka, koti la marehemu mapajani.

"Basi nitoeni na mimi," alisema.

"Hatukutoi, Mama. Naosha ukuta."

Akaosha. Alianzia juu, akashuka, akamzunguka mama mkwe kama mtu anayefagia pembeni ya kuku anayeatamia. Ndoo baada ya ndoo ilimwagwa ikiwa ya kahawia. Mama mkwe alitazama michirizi ile kwa muda mrefu.

"Unamfuta," alisema hatimaye.

"Nafuta moshi. Mzee mwenyewe nisimulie. Sikuishi naye, na masikio yangu hayana kazi."

Kikongwe alikaza midomo. Lakini penzi halina kufuli. Maneno yakaanza kutoka yenyewe. Akasimulia jinsi mumewe alivyokuwa akiwabembeleza watoto kwa kuwawekea saa sikioni, walale kwa mlio wake. Jinsi alivyoimba vibaya, na kwa makusudi. Halafu akasema, "Huyu mumeo naye alikuwa anabanwa kifua utotoni. Hakuwahi kukuambia? Tulikuwa tunamkimbiza hospitali. Mimi nilikuwa namfunika kwa..."

Akakatisha. Mkono wake ulikuwa juu ya koti.

"Nilikuwa namfunika kwa hili."

Fundi rangi hakugeuka. Alijua neno lolote wakati ule lingekuwa kisu, na jana alishakata vya kutosha. Alikamua kitambaa mpaka kikaisha maji.

"Hukujua, Mama."

"Usinihurumie," mama mkwe alisema, akainuka mwenyewe, magoti yakilia. "Osha ukuta wako."

Kiti hakikutupwa. Alikitaka chumbani kwake, pamoja na koti. "Chumba ni changu," alisema.

"Ni chako, sitaingiza hata brashi. Ila Chiriku haingii humo."

"Mjukuu wangu mwenyewe!"

"Mjukuu wako mwenyewe. Utamkuta sebuleni. Na ukitoka kwenye kile kiti, oga kwanza, ubadilishe nguo."

Ukuta ulioshwa ukaoshwa tena kabla ya kupakwa, kwani doa la moshi hupenya hata rangi mpya. Baba mdogo alikata mguu, akatangaza kwamba amefukuzwa kama mbwa. Fundi rangi hakutuma mtu kumbembeleza. Kifua cha Chiriku hakikupona kwa miujiza. Baridi ilipoingia walirudi naye hospitali. Lakini miluzi ilipungua, akaanza kulala bila kushtuka, kisha kelele zake zikarudi, akawa anagombana na vijiko, viatu, na kivuli chake.

Mama mkwe bado alikuwa akijifungia mchana na kiti chake. Hakuna aliyemuuliza kama analia au anazungumza na marehemu. Alasiri moja alitoka huko, akaenda bafuni, akarudi na gauni safi, maji yakimdondoka viwikoni.

"Nipe mtoto," alisema. "Na usininuse. Nimeoga."

Fundi rangi alimnusa. Kisha akampa.