Bawaba ya Refa

Tangu avunjike nyonga, Refa alikuwa anakula chumbani peke yake. Mguu wa kulia ulipona ukiwa umekakamaa, haukunjiki, umenyooka mbele yake kama mpini wa ufagio, na kila alipoketi mezani uligonga miguu ya meza. Si kwamba hawakujaribu. Mkwewe, ambaye ni seremala, alimtengenezea kiti cha kuzunguka kwa kufuata mchoro wa mkono aliopewa na mama mkwe wake, mke wa Refa. Siku ya kukizindua, wajukuu wamejipanga, chakula kinafuka moshi, kiti kikazunguka kweli, kikambana mzee goti kwenye ubao wa meza. Akapiga ukelele. Wajukuu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Mtu aliyepuliza filimbi nusu ya maisha yake na kuwatoa uwanjani wachezaji wenye vifua kama kabati hawezi kuchekwa na watoto wa chekechea akanyamaza. Refa alitangaza kwamba atajaribu mara moja tu tena. Ikishindikana, sahani yake itakuwa ya chumbani milele, na asisikie mtu akimbembeleza.

Basi mkewe akabaki na nafasi moja. Mtaani walimwita Mama Vipimo, kwa sababu alikuwa mshonaji na hapiti kitu bila kukipima kwa macho, hata wageni waliokuja kutoa pole. Seremala naye alikuwa amekoma. Alisema hakati ubao mwingine mpaka aonyeshwe mchoro unaocheza, wenye vipande vinavyosogea, maana ule uliotulia kwenye karatasi ulimdanganya mchana kweupe.

Binti yao alikuwa mchoraji katika kiwanda cha samani, na michoro ya kucheza ndiyo kazi yake. Kila Jumamosi asubuhi alikuja na kompyuta, akaifungua juu ya meza ya cherehani katikati ya vifungo na vipande vya chaki, akamwachia mama kipanya. Somo la kwanza nusura liwagombanishe. Mama Vipimo alichora kiti kizuri, akachora na meza nzuri, akakivuta kiti kidogo tu, kikapaa hewani na kwenda zake nje ya skrini.

Binti akamweleza taratibu. Vipande havijui kwamba vyenyewe ni kiti. Lazima uviambie vimeshikana wapi na vinaruhusiwa kwenda vipi, hapa bawaba ya kuzunguka, pale reli ya kuteleza. Tena kipande kimoja lazima kipigwe pini kisitikisike, ili vingine vyote vicheze kwa kukifuata hicho. Mama Vipimo akalalamika kwamba hayo angeambiwa mapema. Binti akajibu kwamba aliambiwa, ila masikio yalikuwa jikoni kwenye sufuria.

Jumamosi iliyofuata bawaba ilikubali. Kiti kilizunguka kikapita katikati ya meza kama mvuke, na Mama Vipimo akamwita mumewe aje ashuhudie. Refa akaja na magongo yake, akatazama, akauliza kama goti lake nalo litajifunza kupenya mbao. Akarudi chumbani akipiga mluzi. Ndipo binti akamfundisha mama kuiwekea bawaba mpaka wa kuzunguka, na kuviambia vipande visipenyane. Tangu hapo ukweli ukawa mchungu. Kiti kilizunguka, mguu wa mzee waliouchora juu yake ukagonga meza, kikasimama. Akaisogeza bawaba mbele, ukagonga. Akaongeza reli, ukagonga vilevile.

Siku moja akafuta kila kitu, akaanza upya kwa hasira. Na kwa vile akili ilikuwa imechoka, mikono ikafanya iliyoyazoea. Hakuanza na meza, alianza na mteja. Akamchora mzee kwa vipimo anavyovijua kwa moyo, maana suruali zake zote kazishona yeye, akamketisha kitini mguu umenyooka, akampiga pini. Meza aliichora ubao mtupu, hajaiwekea hata miguu, akaitia bawaba pembeni, akavuta.

Kiti hakikutikisika. Ubao wa meza ndio uliozunguka, ukapita juu ya goti polepole, ukatulia mbele ya tumbo la mzee.

Binti akaangua kicheko. "Mama, umempiga pini baba badala ya meza." Akanyoosha mkono arekebishe.

Mama Vipimo akaushika ule mkono. "Acha hivyohivyo," akasema. "Mteja husimama, nguo ndiyo inamzunguka. Siku zote hizi tunamkunja baba yako kama yeye ndiye kipande kibovu."

Aliona haya, akaona na furaha, vyote kwa pamoja, mpaka akashindwa kuendelea kushika kipanya. Binti hakucheka tena. Baada ya kufikiri alisema meza nzima yenye sufuria haiwezi kuzungushwa, lakini kona yake moja inawezekana. Ikatwe iwe bawa, isiwe na mguu chini, ishikwe na bawaba nene ya chuma. Wakachora mpaka saa sita mchana. Seremala alipokuja alilivuta bawa kwenye skrini yeye mwenyewe, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kisha akauliza tu wanataka mbao gani.

Siku ya majaribio wajukuu walikuwa walewale, wameonywa wasithubutu kucheka. Mama Vipimo alisimama mlangoni mwa jikoni. Refa akaketi kwenye kiti cha kawaida kabisa, mguu mbele, hakuna aliyemgusa. Akalishika bawa kwa mkono wake mwenyewe, akalivuta. Likapita juu ya goti bila kuligusa, likasimama mbele yake.

Mzee akaweka viwiko mezani, kimoja, halafu cha pili. Alipoinua macho, aliwaona wote wamesimama kando ya ukuta, wanasubiri ukelele.

"Mbona mmesimama?" akauliza, na sauti ilikuwa ile ya mwenye nyumba, ambayo hawakuwa wameisikia tangu aumie. "Karibuni mezani."