Mke Mwenza wa Miguu Minne

Mkimbiaji alianza kumwonea farasi wivu jioni ile mumewe aliporudi akinuka majani makavu na kusema, hata kabla ya salamu, "Bibi Harusi leo kakohoa."

Bibi Harusi alikuwa farasi jike wa mashindano, na mume alikuwa daktari wa mifugo aliyemtunza. Mkimbiaji mwenyewe alikuwa akikohoa siku kadhaa sasa, mdomo ameubana kwenye mto asisikike. Mbio kubwa za mwaka zilikaribia, na aliogopa kuambiwa apumzike.

"Pole yake," alijibu. "Umempikia uji?"

Mume hakuuona mwiba. "Nimempima damu, nimemfunika blanketi. Tumemkimbiza kupita kiasi, maskini."

Maskini! Mkimbiaji alilala amempa mgongo. Asubuhi, kwa hasira, alipanda kilima mbio kama anayefukuzwa, akapanda tena, mpaka mguu ukawaka moto. Kisha akachechemea hadi bandani kuona kwa macho yake.

Alimkuta mumewe amepiga magoti, akiupapasa mguu wa farasi kwa viganja viwili. "Pole mama," alinong'ona. "Pole, mama."

"Mama?" mkimbiaji alisema kutoka mlangoni. "Mimi naitwa 'wewe', huyo ndiye mama?"

Kijana wa bandani, aliyekuwa akifagia pembeni, aliokota ndoo yake akatoka kimyakimya. Ugomvi wa mke na mume hauhitaji shahidi.

"Mke wangu, huyu anaumwa."

"Na mimi je?"

"Wewe nakuuliza kila asubuhi, unaniambia u mzima kama chuma! Huyu angalau hajui kudanganya."

Alifungua kinywa amjibu, kikatoka kikohozi. Kikamkunja, kikamshikisha nguzo, hata farasi akageuza masikio. Mume aliinuka, akamgusa shingo kwa mgongo wa mkono.

"Unaungua! Tangu lini?"

"Kabla ya mwenzangu huyo."

Wakaenda zahanati. Daktari wa huko alimsikiliza kifua, akaubonyeza mguu, akatikisa kichwa. "Zoezi la kiasi huupa mwili nguvu ya kupambana na maradhi. Ukizidisha bila kupumzika, misuli inaumia na kuvimba kwa ndani, askari wa mwili wanahangaika huko, huku nyuma mafua yanaingia bila hodi."

"Farasi ni vilevile kabisa," mume akadakia.

Mkimbiaji alimtupia jicho.

Mbio za mwaka zikampita. Alilia, akanuna, kisha akazoea kukandwa mguu na kuletewa maji ya moto kitandani. Siku moja mume alimwita mama. Alijifanya hakusikia, ili arudie.

Lakini Bibi Harusi ndiye aliyetangulia kupona. Siku ya mashindano ya farasi, mkimbiaji alisimama uzioni amevaa sweta, akiwa bado hajaruhusiwa kukimbia. Yule jike akawaacha wenzake nyuma kama waliofungwa mawe, na mume akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Mke naye alipiga makofi, meno kayauma.

"Umeona anavyopumua vizuri?"

"Nimeona. Nami nikirudi nikashinda, utapiga kelele hivyohivyo?"

"Zaidi ya hivyo!"

Alimtazama usoni apime kama ni kweli. Macho ya mume yalikuwa yameshamfuata farasi kuelekea bandani. Mke akamshika mkono, akaukaza, wakaenda wote.