Nje ya Hoja

Mkono wa Mama Mkubwa ulikaa hewani kitambo kabla Mwenyekiti hajakubali kuuona. Ulikuwa mkono uliosinyaa kwa maji na dawa, maana kwa miaka thelathini mama huyo alikuwa akiosha maiti katika hospitali ya mji. Ndio mkono uliomlea Mwenyekiti tangu mama yake mzazi alipofariki, yeye akiwa binti mdogo asiyejua hata kujifunga kamba za viatu.

Siku hiyo baraza la mji lilisikiliza wananchi kabla ya kupiga kura. Makaburi yalikuwa yamejaa. Je, maiti wasio na ndugu wazikwe pamoja, shimo moja, bila alama? Mpima ardhi alikuwa amekwisha sema yake, ramani ukutani, fimbo mkononi, na ukumbi ukaridhika.

"Haya, mama," alisema Mwenyekiti. "Dakika tatu."

"Mimi kusalimia tu humaliza tano," Mama Mkubwa alijibu, na watu wakacheka. Kisha akatulia. "Hao mnaowasema ninawaosha mimi. Kila mmoja wao Mungu anamjua kwa jina, hata kama sisi..."

Mwenyekiti akagonga meza.

Alikuwa na sababu. Katika kikao kilichotangulia, kilichohusu kisima tu, wahubiri wawili walinyang'anyana kipaza sauti hadi waya ukakatika, na kisima hakikuchimbwa. Tangu hapo akaweka kanuni: imani zibaki nyumbani. Na sasa ukumbi mzima ulikuwa umemkodolea macho, uone kama ataipindisha kwa ajili ya wa kwao.

"Mama, hapa tunazungumzia sheria na ardhi. Mambo ya Mungu hapa si mahali pake."

Mama Mkubwa hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mtoto aliyemlea. "Nimesikia, Mwenyekiti," akasema, akaketi. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Hoja ikapita, kura saba kwa sita.

Baada ya wiki, Mwenyekiti aliletewa kumbukumbu za kikao atie sahihi. Mpima ardhi alikuwa amesema "naamini" mara nne: anaamini mji utapanuka, anaamini vizazi vijavyo vitashukuru. Hakuna aliyemgongea meza. Maneno ya Mama Mkubwa yalipewa mstari mmoja: *Mchangiaji mmoja alitoka nje ya hoja.* Mwenyekiti, ambaye kila asubuhi hupiga magoti kabla ya kuvaa viatu vya kazi, alikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha akatia sahihi.

Jioni akaenda kwa Mama Mkubwa. Alikaribishwa vizuri, akapewa kiti cha wageni.

"Mama, siku ile ulitaka kumalizia na nini?"

"Nilitaka kuomba kibao cha kaburini. Kila mmoja na chake, hata cha namba. Wapo ndugu wanaofika baada ya mwaka, wakiuliza."

"Ungeanza na hilo, tungekusikiliza!"

"Ningefika huko. Lakini kila mtu huanzia kwake." Mama Mkubwa aliendelea kukunja shuka. "Mtu asiye na wa kumlilia, kwa nini apewe kibao? Mimi sababu yangu ni ile moja. Nyinyi mnayo nyingine, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti akainuka kwenye kiti cha wageni, akaaga.

Maziko ya kwanza yalikuwa ya watu sita. Mwenyekiti alikwenda bila kualikwa. Walilazwa bega kwa bega, sanda zao zimefungwa kwa mafundo yanayofanana, mafundo ya mkono mmoja. Mchimba kaburi akaegemea koleo lake.

"Mwenyekiti, una neno kabla hatujafukia?"

Alifungua kinywa. Sheria aliijua, na ardhi aliijua kwa ekari zake zote.

Ng'ambo ya shimo, Mama Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikicheza bila sauti. Mwenyekiti akakaza macho, akijaribu kuisoma.