Siku Saba za Fundi Sherbini

Siku niliyojaza fomu ya kuingia mchepuo wa sanaa, mama alizima jiko, akajifunga kitambaa kichwani na kulala mchana kutwa. Alikuwa ameshawatangazia majirani wa ngazi nzima kwamba Mayar wake atakuwa daktari. Shangazi akaja kumpa pole, akaniuliza huko kwenye sanaa kuna somo gani la kumfaa mtu. Nikamwambia saikolojia. Akasema vizuri, basi ukoo umepata mtu wa kututembelea siku tutakapopelekwa kasri la manjano pamoja na vichaa wenzetu.

Sikuwaambia sababu yangu. Sababu yenyewe ilikuwa chumba chetu cha wageni.

Chumba hicho kilikuwa kimefungwa kwa miezi kumi. Ndani yake, chini ya mashuka meupe, ilikuwemo seti ambayo baba aliichonga kwa mkono wake kwa ajili ya harusi ya dada yangu Inas: kochi, viti sita na meza, vyote vimejaa maua ya mkomamanga kuanzia miguuni mpaka kwenye viegemeo. Ilimchukua miaka miwili. Mji wetu wa Dumyat umejaa mafundi wa samani, lakini Fundi Sherbini akitajwa sokoni watu hunyamaza kidogo kwanza. Mimi ni mwanawe, nina haki ya kujisifu.

Basi akaja Hajjat Kauthar, mama wa Muhab, mchumba wa Inas, kuona vyombo vya mkwewe. Akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti kimoja, akakitazama kile kidole, akasema ameona kazi safi kuliko hii, tena ya mashine.  Baba akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni kwa adabu zote, akasema salamu ziwafikie wa nyumbani, na kesho yake asubuhi akawarudishia pete. Inas alitoka kazini maabara jioni, akaambiwa na mama kwamba hana mchumba.

Tangu siku ile dada yangu hakumsemesha baba, na baba, kwa kuwa kichwa chake ni kigumu kuliko mbao anazochonga, hakumsemesha yeye. Mimi ndiye niliyekuwa posta. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie dada yako asisahau koti." Watu wanne ndani ya vyumba vitatu, na mimi katikati nabeba maneno kama mpeleka chai wa karakana. Niliamini kwamba mahali fulani kuna kitabu kilichoandikwa jinsi ya kulimaliza jambo kama hili. Nilipoona kwenye orodha ya masomo kuna elimu ya nafsi ya binadamu, nikasema hiki hapa.

Muhula wa kwanza nilikuwa balaa, nakiri. Nilikuwa nahudhuria masomo ya ziada kwa mwalimu mmoja aliyejiita Jemadari wa Saikolojia, picha yake imebandikwa kwenye kuta za mji mzima huku amekunja mikono. Alitupa kijitabu cha istilahi mia moja na ishirini, tukazikariri zote. Nikarudi nyumbani nazo na kuanza kuzigawa. Mama alipomlaumu jirani kwa umbea, nikamwambia hiyo inaitwa kuhamishia aibu yako kwa mwingine. Alivua ndara, na kwa ndara mama hajawahi kukosa shabaha. Inas nikamwambia yuko katika hali ya kukanusha. Alinitazama, akasema, "Na wewe uko katika hali ya kutoka chumbani." Siku mbili hakunisemesha, nikapata kuonja ule ukimya anaolishwa baba kila siku.

Kisha barua ikaja. Inas amepata kazi katika maabara kubwa mji wa Mansura, atapanga chumba huko na wasichana wengine wawili, na ataondoka baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Mama alikubali kwa machozi. Baba aliletewa habari na posta, yaani mimi. Alitikisa kichwa, akarudi karakana. Nikaogopa kweli. Maana watu wanaoishi nyumba moja bila kusemezana, angalau bado wanagongana kwenye ujia. Akishaondoka hivi, atakuwa anakuja sikukuu kwa sikukuu, atamsalimia mama, atambusu, na kati yake na baba itakuwa imekwisha mpaka mmoja wao azikwe.

Kwa haraka nikafungua kijitabu cha Jemadari. Kulikuwa na matibabu ya kumsogeza mtu taratibu kwenye kitu kinachomtia hofu. Ile "taratibu" nikairuka. Nikaiba ufunguo kwenye kabati la mama, nikamvuta Inas mkono, nikamwingiza chumba cha wageni na kuvuta shuka la kochi kwa mkupuo mmoja. Nikasubiri alie, au apige kelele, au apone.

Inas aliinama, akapitisha kiganja kwenye mbao. "Hakuna vumbi," alisema, akatoka.

Nilibaki nimeshika shuka. Karakana ya baba iko chini ya nyumba yetu. Vumbi la mbao kwetu linaingia kwenye chumvi, kwenye nywele, kwenye friji iliyofungwa. Shuka lilikuwa limelala miezi kumi na minne, na kochi lilikuwa linang'aa. Mama ana maumivu ya mgongo, chumba kile haingii.

Jumatano ile nilimsimulia yote Abla Nagwan, mwalimu wetu wa shule, mwanamke mfupi mwenye mkoba mzito, ambaye darasa zima lilimdharau kwa sababu hakuwa na picha ukutani. Nilitarajia asifu uchunguzi wangu. Alinisikiliza huku anamenya chungwa. Akaniuliza dada yako amekuajiri lini umtibu.  Akasema kila mtu niliyemtaja nimemtaja kwa jina la ugonjwa, na hakuna hata mmoja ambaye nimesema anakunywa chai kwa vijiko vingapi vya sukari.

Akanipa kazi, mimi peke yangu. Nimtazame mtu mmoja wa nyumbani kwa siku saba na kuandika. Nikitumia istilahi hata moja ya yule Jemadari, sifuri. Na mwisho, kabla ya kuileta, mtu huyo asomewe yote na atie sahihi kwamba amekubali.

"Andika ulichokiona," alisema. "Usiandike kinaitwaje."

Kazi ilitakiwa Jumapili, siku wiki ya shule inapoanza kwetu. Nikahesabu: nikianza Jumamosi hii, siku ya saba itakuwa Ijumaa, na kesho yake Inas anaondoka. Nikamchagua baba.

Kumtazama mtu uliyezaliwa ukamkuta ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Siku mbili za mwanzo niliandika vitu nilivyodhani ni upuuzi. Ya tatu nikaanza kuona. Ijumaa, watu waliporudi kutoka msikitini, nilikuwa nimesimama kwenye ujia bila viatu, jicho kwenye ufa wa mlango wa chumba cha wageni, na nilichokiona sikukiandika kwa raha.

Siku hiyo mama alikuwa amepika bata aliyejazwa vitunguu kwa ajili ya kumuaga Inas, na tukala bila maneno, kila mtu anasifu bata kwa mama tu. Baada ya sala ya alasiri nikaleta daftari. Nikamwambia baba ni kazi ya shule, inamhusu yeye, inahitaji sahihi.

"Soma wewe," alisema. "Miwani yangu sijui iko wapi."

Baba hana miwani. Aliacha shule akiwa na miaka tisa akashika patasi, na nyumba nzima tunaiheshimu miwani hiyo. Nikasimama mbele yake kama mtu wa taarifa ya habari. Inas alikuwa ujiani anapiga pasi nguo za safari, mlango wazi.

Nikasoma. Jumamosi: ameamka saa kumi na moja, mama bado amelala, amekuta chai mezani, vijiko vitatu vya sukari. Hakuuliza nani ameitengeneza. Ameinywa, ameiosha glasi mwenyewe. Jumapili jioni, saa anayorudi Inas: mlango wa chini umefungwa kwa kishindo, amenyanyua kichwa, amesikiliza nyayo kwenye ngazi, zilipofika ghorofa yetu ameendelea kula. Jumatatu, vivyo hivyo. Jumanne amemkemea fundi mwenzake kwa kuimba. Jumatano begi la Inas limetolewa ujiani, mpini wake umekatika. Amelipita mara nne. Alhamisi asubuhi mpini umefungwa kwa skrubu mbili za shaba, na hakuna aliyesema lolote.

Pasi iliacha kutembea. Mama alisema joto limemzidi, akakaa.

"Ijumaa," nikasoma, na nikaishia hapo. Sikupanga. Ningekuwa nimepanga ningejisifia hapa, maana mnanijua sasa. Nilitazama yale maneno yangu mwenyewe, machozi yakaja, nikabaki nimesimama nikivuta kamasi mbele ya mtazamwa wangu.

Inas akaingia. Akanichukulia daftari mkononi, akatafuta mstari kwa kidole, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne sauti yake ikaenda moja kwa moja alipokaa baba.

"Ijumaa. Saa saba na robo ameingia chumba cha wageni na kitambaa na kopo la nta. Amefunua shuka moja baada ya moja. Amefuta viti vyote. Kwenye mkono wa kiti cha tatu, pale alipopitisha kidole Hajjat Kauthar, amefuta muda mrefu zaidi." Akafunua ukurasa. "Kisha amekaa sakafuni. Hakukaa kitini. Amesema neno. Mtazamaji amesikia 'ningemuuliza', lakini hana hakika. Huenda alikuwa anaongea na kiti."

 Baba alikuwa anatazama mikono yake.

"Huyu mtoto," alisema mwisho, "anasomeshwa umbea kwa cheti."

"Baba." Inas hakucheka. "Niulize sasa."

"Nikuulize nini, mwanangu? Mambo yalishapita."

"Hayajapita. Niulize."

Baba alikohoa. Akanitazama mimi, posta yake, kama anataka nibebe na hili. Nikatazama dari.

"Ulikuwa unamtaka Muhab?" aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia jioni ile ile. Nikakuta umeshamaliza, kama vile mimi ni mguu wa meza."

Mama alikuwa ameshashika ndara, ila hakujua amtupie nani kati ya hao wawili. Mwishowe aliivaa. Baba aliufuta uso kwa kiganja kuanzia juu mpaka kwenye ndevu, na alipouondoa mkono macho yalikuwa mekundu.

"Nilikosea," alisema. "Sikukosea kumrudisha. Nilikosea kutokukuuliza."

"Basi kuna la pili," alisema Inas. "Mbona la pili huniulizi?"

Baba alielewa. "Mansura, unataka kwenda?"

"Nataka."

"Unataka kweli, au unatukimbia?"

"Wiki mbili zilizopita nilikuwa nawakimbia. Sasa nataka."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama chumba chake kina kiti. Inas akasema kina kitanda na kabati, kiti hakuna. Baba akachomoa penseli ya useremala nyuma ya sikio, akalichukua daftari, na chini ya Ijumaa akachora jina lake pole pole, herufi nene, kama anazipima.

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi gari lilikuwa chini, na baba alikuwa anashuka ngazi na kiti cha tatu begani. Mama alimfuata mpaka mlango wa nje akimlaumu. Seti haivunjwi, fundi yeyote Dumyat anajua hilo, hata mwanafunzi wa karakana wa wiki moja anajua. Nani ataitazama seti ya viti vitano? Baba alisema hajamwomba mtu aje aitazame. Akakifunga kiti juu ya gari kwa kamba na blanketi mbili, akakagua fundo mara tatu. Inas alimkumbatia pale barabarani, mbele ya karakana zote, mafundi wakijifanya wanatafuta misumari.

Nilirudi juu kwa uzito, maana chumba tulicholala mimi na Inas sasa ni changu peke yangu na nilikuwa nimekitamani miaka yote, kumbe sikukitaka. Nikamkuta baba chumba cha wageni. Mashuka yote yalikuwa chini, amefungua na dirisha, vumbi la mbao linaingia litakavyo. Nafasi ya kiti cha tatu ilikuwa wazi.

Daftari lilikuwa na sehemu ya mwisho, ya hitimisho, nilikuwa nimeiacha tupu. Nikaandika mstari mmoja tu. Kesho yake Abla Nagwan aliusoma, akanirudishia daftari bila kubadilisha neno, akaniuliza dada amefika salama.

Niliandika hivi: Jumamosi, saa tatu asubuhi, mtazamwa amekaa kitini, na ameomba chai.