Mtu Aliyekuwa Kibandani

Kwa kudanganya macho ya watu, fundi Msasa hakuwa na mpinzani. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu hakuna ubao aliouacha bila kuusugua mpaka uteleze. Alikuwa seremala wa tamthilia ya televisheni kuhusu mtambo wa kusafiria kwenda nyakati nyingine, mtambo ambao kila ukitua mahali hujigeuza ufanane na vitu vya hapo ili usishtukiwe. Kazi ya Msasa ilikuwa kuuvika sura. Alishaufanya kabati, alishaufanya tangi la maji, na mara moja choo cha shimo, ambacho mhusika mkuu alitoka ndani yake na suti nyeupe, watazamaji wakacheka mpaka machozi.

Safari hii mtambo ulitakiwa utue kando ya stendi ya mabasi kwa sura ya kibanda cha huduma ya kwanza. Msasa alijituma kupita kiasi. Alikwenda zahanati kuangalia rangi ya milango yao, akairudia vilevile. Akachonga dirisha dogo la kutolea dawa. Halafu, bila kuombwa na mtu, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: GONGA, TUPO. Mwongozaji, mama mmoja asiyesifu ovyo, alipokiona kibanda alimpiga begani.

"Fundi, wewe ni hatari! Hata mimi ningeingia kupima presha."

Msasa alivimba kichwa wiki nzima.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mvua ilinyesha, mlango ukavimba, na komeo likagoma kushika. Siku ya kurekodi ikabidi Msasa mwenyewe akae ndani, juu ya ndoo, aushikilie mlango kwa mkanda, na kuuachia pale tu mwigizaji atakapogonga mara tatu. Kamera zilifichwa ng'ambo ya barabara ili wapita njia waendelee na shughuli zao. Mara ya kwanza aliuachia mapema. Mara ya pili mkanda ulimponyoka. Mwongozaji akamfokea kwenye redio ya mkononi, timu nzima ikisikia.

"Msasa, ukifungua tena kabla sijakwambia, nenda kachonge majeneza!"

Alisikia watu wakicheka. Mtu wa umri wake, mwenye wajukuu wawili, anachekwa akiwa amekaa juu ya ndoo! Akauzungusha mkanda mara mbili mkononi, akaapa kwamba safari hii hafungui hata kibanda kikishika moto.

Wakaanza mara ya tatu. Mlango ukagongwa, lakini si mara tatu. Uligongwa mfululizo, kwa viganja vya mikono.

"Nesi! Nesi, fungueni jamani! Mume wangu kaanguka, mdomo umeenda upande!"

Sasa hapa tusimtetee. Msasa aliijua hadithi yote ya siku ile kwa moyo, na ndani yake hapakuwa na mwanamke yeyote. Alijua kwa sekunde ya kwanza kwamba ile si sauti ya mwigizaji. Aliuona pia mstari wa mwanga chini ya mlango, na viatu vya mwanamke vilivyokuwa vikihama mguu huu na mguu ule. Gari la timu lilikuwa nyuma ya kibanda, ufunguo ukiwa ndani. Angeachia mkanda tu.

Hakuuachia. Aliogopa kuchekwa mara ya tatu.

"Mmeandika mpo! Mbona hamfungui?"

Mwanamke akazunguka kwenye dirisha la dawa, akaligonga, akarudi mlangoni, akagonga tena. Msasa alibana pumzi. Kisha viatu vikaondoka mbio.

Ng'ambo ya barabara hawakuyasikia maneno yake; ilipojulikana kwamba alikuwa na mgonjwa wa kweli, mwongozaji alishika mdomo. Mtu mmoja akamuuliza Msasa kama alisikia kitu.

"Ile mashine ya kutoa moshi wa mtambo ilikuwa inanguruma," akasema. Mashine ilikuwa haijawashwa.

Zikapita wiki tatu za kula bila kuonja. Siku moja mwongozaji akamwita, akampa karatasi. Picha za yule mama akigonga zilitoka vizuri ajabu, akasema, na angependa kuzitumia, ila lazima mwenyewe akubali na kutia saini.

"Nenda wewe. Una sura ya upole."

Yule mama alikuwa fundi cherehani, chumba chake hakikuwa mbali na stendi. Alimkaribisha Msasa kiti, akaondoa nguo za wateja zilizokuwa juu ya kiti hicho. Kwenye kona alikaa mumewe, mkono wa kulia umelala mapajani, taulo dogo begani la kumfutia mdomo. Daktari alisema angefikishwa mapema kidogo angekuwa na nafuu kubwa zaidi. Mama alilisema hilo huku akitunga uzi kwenye sindano, bila kumlaumu mtu.

Msasa alitoa karatasi, akaeleza. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana, kaka yangu. Msinionyeshe. Hapa mtaani wananicheka tayari. Mtu mzima nimemwacha mume wangu chini, nakwenda kubisha hodi kwenye kabati la sinema! Hata mawifi zangu wamenisema. Nilisimama pale nabembeleza mbao, na muda unakwenda." Akashusha macho. "Usiku nikilala najiuliza, hivi nilikuwa mjinga kiasi gani?"

Msasa alitamani ardhi ipasuke. Alikuja na aibu yake akidhani ni ya kwake peke yake, kumbe huyu mama alikuwa anaibeba yote, na wala hakujua imetoka wapi. Angeweza kukunja karatasi, kuaga na kuondoka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake.

"Mama," akasema. "Kile kibanda hakikuwa kitupu. Nilikuwemo mimi."

Mama akaiweka sindano chini.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilivyosema mdomo umeenda upande?"

"Neno kwa neno. Niliushika mlango usifunguke. Niliogopa kuchekwa."

Alisubiri matusi. Aliyahitaji, tuseme ukweli. Lakini mama aliinuka, akakibeba kiti chake pembeni, ili pasiwe na kitu kati ya Msasa na yule mgonjwa.

"Mwambie na yeye," akasema. "Anasikia kila kitu. Kujibu ndiyo hawezi."