Marehemu wa Buchani

Wiki ya tatu baada ya mumewe kufariki, Triza alimpangusa vumbi, akamsogeza asikinge dirisha, kisha akaketi kukata sukuma wiki. Mulama alikuwa kwenye kochi lao hapo Kaloleni, mikono magotini, ametulia kama mtu anayengoja ibada ianze. Jua la Desemba lilikuwa limemchoma kiasi cha kuozesha gunia la nyanya. Yeye alizidi kung'aa. Ndugu zake waliotoka Kakamega kumchukua kwa maziko walimnusa, wakatazamana, wakasema hakuna haraka. Watarudi wakishapanda mahindi.

Sababu ilijulikana. Mulama alifanya vibarua Industrial Area, na kila jioni alikula nyama kwenye bucha ya Shitanda, ambako nyama hunyunyiziwa unga fulani mweupe ikabaki nyekundu tangu Pasaka hadi Krismasi.

Triza angevumilia. Mume asiyeoza hasumbui. Kilichomnyima raha ni miguu ya Muhonja, binti yao, mpenzi wa maini ya bucha hiyohiyo. Mtoto alikuwa na miaka minane na viatu alivyonunuliwa akiwa na mitano, na bado vilimpwaya.

Basi akampakia Mulama kwenye mkokoteni, akamkalisha mbele ya bucha, kila mnunuzi ajionee. Nzi alitua puani pa marehemu, akafikiri, akaenda zake. Akajaribu nyama ya dirishani, akafikiri tena, akaenda moja kwa moja.

“Mnaona?” Triza akapaza sauti. “Hata nzi amekataa! Ninyi mnakula!”

Jirani yao Kweyu akambonyeza Mulama shavu. “Niaje, buda!” Kisha akamgeukia Triza. “Kwani alikuwa anakula hapa?”

“Kila siku.”

“Na hamjampeleka mochari?”

“Hata siku moja.”

Kweyu akageukia dirisha. “Shitanda, nipimie kilo. Mathe wangu amezeeka, na kwetu kwa maziko ni mbali.”

Foleni ikafika ukumbi wa mtaa. Mchana akaja bwana afya kukagua nyama. Alimnusa Mulama, akanusa paja la ng'ombe, akatangaza kuwa hakuna harufu, akapiga paja muhuri. Wino ulikuwa umebaki, akampiga na Mulama. Shitanda akamvika marehemu aproni safi na kumwekea kiti mlangoni.

“Mama Muhonja, umeniletea baraka,” akasema kwa heshima. “Chukua maini, ni ya mtoto.”

Triza aliyaacha pale. Akazunguka bucha nyingine, na kwenye kila dirisha akamngoja nzi. Hakutua. Akakata shauri kwamba mtoto atakula sukuma.

Nyumbani, sukuma aliyoikata asubuhi na kuisahau juani ilikuwa bado mbichi, haijanyauka hata ncha. Triza aliinusa, kisha akarudi kwa Shitanda kuchukua maini, akamuaga mumewe pale mlangoni.

Muhonja alikula, akalamba sahani, akajaribu viatu, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Triza akabonyeza ncha kwa kidole gumba. Nafasi ilikuwa ileile. Akatoa gazeti kuukuu lililosokomezwa mbele, akasokomeza jipya.